UZI: Antena ya bei nafuu ya kupata chaneli za bure Unguja na Pemba (nunua mlingoti na waya kabla ya kununua antena)

MkaaziWaWete (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum ndugu zangu wa Unguja na Pemba. Tangu Mfunguo Mosi nyumbani kwetu hatulipii tena kifurushi cha televisheni, na chaneli tunazozihitaji kila siku tunazipata kwa antena iliyosimama juu ya boriti nyuma ya jiko. Naanzisha uzi huu kwa sababu nilipoteza pesa mara mbili kabla ya kufika hapa, na kila wiki namwona jirani mwengine akiipita njia ile ile niliyoipita mimi: anakwenda dukani, anauliza antena ipi iliyo bora, anauziwa iliyo ghali kuliko zote, na usiku ukiingia king'amuzi kinamwandikia kwamba hakuna mawimbi.

Antena yangu ya mwanzo ilikuwa bapa, nyembamba kama daftari, ya kubandika ukutani. Boksi lake liliandikwa kwamba inashika mamia ya kilomita na kwamba ni ya 4K. Nyumba yetu ina paa la bati, na mimi nikaibandika antena hiyo ndani, chini ya bati, upande wa ukuta wa matofali ulioelekea mgombani. Bati ni chuma, na chuma huyarudisha mawimbi yalikotoka. Kwa hiyo niliificha antena mahali ambapo mawimbi hayafiki, kisha nikaanza kuilaumu. Ya pili ilikuwa ya nje, yenye busta, yaani kifaa cha kukuza mawimbi, na mota ya kuizungusha kwa rimoti. Hiyo ilileta chaneli saba mchana na ikazipoteza nne usiku. Mvua za masika zilipoanza ilinyamaza kabisa. Nilipoifungua nilikuta raba ya kuzuia maji imepasuka, kibao cha ndani kina kutu ya kijani kama majani ya mwani, na waya mwembamba wa shaba ulio katikati ya kebo umekuwa mweusi kiasi cha shubiri nzima.

Antena ninayoitumia sasa ndiyo rahisi kuliko zote tatu. Haina busta wala mota, ni fimbo ya alumini yenye vijiti vingi vilivyopangwa kama miba ya samaki. Pesa iliyobaki niliitia kwenye boriti ndefu na waya mzuri, na hapo ndipo mambo yalipobadilika. Kwa hiyo rai yangu kwa anayetaka kuacha kulipia ni hii: bajeti yako igawe kwanza kwenye urefu wa mlingoti, kisha kwenye waya, na kitakachosalia ndicho ukinunulie antena. Wauzaji wengi wanatufundisha kinyume chake.

Sababu si ya siri. Mawimbi ya televisheni ya ardhini katika masafa ya UHF, yaani baina ya 470 na 694 MHz, husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, na dunia ni mviringo. Mafundi wana hesabu moja nyepesi: chukua kipeuo cha pili cha urefu wa mnara wa kurushia kwa mita, ongeza kipeuo cha pili cha urefu wa antena yako, kisha zidisha kwa 4.12, utapata kilomita ambazo mawimbi yanaweza kufika kabla ya kuzibwa na mgongo wa dunia. Mnara wa mita 100 na antena iliyo mita 9 juu ya ardhi vinakupa kilomita 54 hivi, na hiyo ni pale ambapo hakuna kilima njiani. Hakuna maandishi ya boksi yanayoweza kuishinda hesabu hiyo. Sisi wa Pemba tuna jambo jengine la kuzingatia, kwamba kisiwa chetu ni cha vilima na mabonde, na nyumba mbili zilizo umbali wa mwendo wa dakika tano zinaweza kupata mawimbi tofauti kabisa kwa sababu moja iko mgongoni mwa kilima na nyengine iko bondeni chini ya minazi.

Kuinua antena kunasaidia zaidi ya hesabu ile. Mahali tambarare palipo mbali na mnara, ukiitoa antena mita 3 ukaipeleka mita 6, unaweza kuongeza hadi desibeli 6, yaani nguvu inayoingia mara nne ya ile ya mwanzo, bila ya kutumia hata chembe ya umeme. Busta ya dukani haiwezi kukupa zawadi ya namna hiyo, kwa kuwa yenyewe hukuza mawimbi pamoja na uchafu wake.

Mwenye swali na aulize, na mwenye ujuzi kuliko mimi na anisahihishe.

BiMtambwe

Waalaykum salaam, mwalimu. Nakushukuru kwa maelezo, maana mimi nimo katika safari hiyo hiyo. Nina televisheni ya kichogo aliyoniachia marehemu mume wangu, bado ina picha nzuri, na ningependa niweze kutazama ZBC, hasa ule usiku wa kusubiri taarifa ya kuandama kwa mwezi, bila ya kumtuma mjukuu akalipie kwanza. Mwenye duka ameniambia kwamba televisheni yangu haifai tena na kwamba lazima ninunue mpya pamoja na antena ya dijitali. Je, ni kweli? Na hiyo antena ya dijitali ina tofauti gani na ile ya zamani iliyolala juu ya bati langu?

MkaaziWaWete

Bi, si kweli, na naomba usinunue chochote kabla ya kusoma haya.

Antena haijui kama mawimbi ni ya dijitali au ya analogia. Ni vipande vya chuma vilivyokatwa kwa urefu unaolingana na masafa. Kilichobadilika tangu Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya analogia, tarehe 31 Disemba 2012 kwa kuanzia Dar es Salaam, ni namna picha inavyofungwa ndani ya mawimbi, na kazi ya kuifungua ni ya king'amuzi. Neno "dijitali" kwenye boksi la antena ni la kuuzia tu.

Itazame hiyo iliyolala juu ya bati lako. Kama ina vijiti vifupi, vya sentimita 20 hadi 32 hivi, basi imetengenezwa kwa UHF na inafaa hadi leo, kwa sababu nusu ya urefu wa wimbi katika masafa haya ndiyo hiyo. Kama vijiti vyake ni virefu, vinakaribia mita moja au zaidi, ilitengenezwa kwa masafa ya chini ya VHF na itakupa kidogo sana.

Televisheni ya kichogo nayo haina kosa. Inahitaji king'amuzi cha ardhini kinachosoma DVB-T2, yaani mfumo wa matangazo ya dijitali ya ardhini, kisha uunganishe kwa zile nyaya tatu za rangi ya manjano, nyeupe na nyekundu. Wenye televisheni bapa za miaka ya karibuni nao watazame kitabu chake au kibandiko cha nyuma: ikiandikwa DVB-T2, king'amuzi kimo ndani na waya wa antena unachomekwa moja kwa moja, ikiandikwa DVB-T bila ya ile 2, haitaisoma DVB-T2 hata antena iwe juu ya mnara. Tahadhari moja kubwa ni kwamba king'amuzi kilichomo ndani ya televisheni hufungua chaneli zilizo wazi tu. Chaneli iliyofungwa kwa kadi haifunguki ila kwa king'amuzi cha kampuni inayoirusha, hata kama chaneli hiyo yenyewe haitozwi pesa. Ndiyo maana nakusihi umwendee jirani anayetumia antena, sio dishi, umwombe akuonyeshe chaneli gani anazipata na kwa king'amuzi gani. Dakika kumi sebuleni kwake zina faida kuliko saa nzima dukani.

FundiWaKwahani

Nimekuwa nikifunga antena na madishi kwa miaka mingi hapa mjini na nakubaliana na mwalimu kuhusu mlingoti, lakini kwenye waya amepita haraka mno, na mimi nimeona antena nzuri nyingi zikiuawa na waya mbaya.

Waya unaotakiwa ni wa ohmu 75, ule mnene tunaoutumia kwenye dishi, RG6. Kila mita ya waya hula sehemu ya mawimbi. Katika masafa ya UHF mita 20 za RG6 huondoka na desibeli 4 hivi, yaani zaidi ya nusu ya nguvu iliyokusanywa na antena inaishia njiani. Ule mwembamba unaouzwa kwa bei rahisi hula zaidi, na mwengine shaba yake ni rangi tu juu ya chuma, na wavu wake wa nje ni nyuzi chache unazoweza kuzihesabu. Ukinunua, omba ukatiwe kipande kidogo, menya ganda, utazame: kuwe na karatasi ya alumini iliyozunguka pande zote na wavu uliojaa. Muuzaji anayekataa kukukatia sentimita tano anakujulisha kitu.

Baada ya hapo mtu anataka televisheni mbili, sebuleni na chumbani kwa watoto, anatia kigawanyio. Kigawanyio cha njia mbili humpa kila mmoja pungufu ya nusu, desibeli 3.5 hivi zimeondoka. Jumlisha na mita 20 za waya, kila televisheni inabakiwa na chini ya moja ya tano ya kilichoingia kwenye antena. Katika televisheni za zamani ungeona chengachenga na bado ukasikiliza taarifa ya habari. Dijitali haina huruma hiyo. Picha inakuwa safi kabisa mpaka mawimbi yanapofika kwenye ukingo, kisha inaganda vipande vipande na kukatika. Kwa hiyo mtu huishi kwenye ukingo bila ya kujua, akidhani mambo yake ni mazuri kwa kuwa picha ni safi, halafu siku ya mvua na upepo anakosa kila kitu.

Kuhusu busta, mimi siichukii, ila ina mahali pake. Ikiwa waya ni mrefu au kuna kigawanyio, busta ifungwe juu kabisa, karibu na antena, ikuze mawimbi yakiwa bado mazima kabla hayajaliwa na waya. Ukiitia nyuma ya televisheni inakuza kilichokwisha kuharibika. Na aliye karibu na mnara, mfano wetu sisi wa mjini, busta inaweza kumletea hasara kwa kuwa mawimbi yanakuwa makubwa mno, king'amuzi kinalemewa na chaneli zinapotea. Wateja wangu wengi hawaamini ninapowatolea busta na chaneli zikaongezeka. Jengine, busta hutaka umeme unaopanda kwa waya ule ule. Kwenye menyu ya king'amuzi kuna mahali pa kuwasha umeme wa antena. Usipowashwa, busta iliyozimika ni mbaya kuliko kutokuwa na busta, kwa sababu inayazuia mawimbi yasipite.

Mnara wa simu ulio karibu nao unaweza kusumbua. Masafa ya juu ya 694 MHz zamani yalikuwa ya televisheni na sasa yamepewa simu katika nchi nyingi, lakini antena na busta za zamani bado zinayapokea na kuyakuza. Ukiweza kuchagua, chukua iliyoandikwa 470–694.

KichochoroChaShangani

Nami naomba kuuliza kwa niaba ya sisi wa Mji Mkongwe. Tunaishi ghorofa ya kwanza katika nyumba ya mawe na chokaa, ukuta una unene wa zaidi ya nusu mita, na kichochoro ni chembamba kiasi kwamba ukinyoosha mikono unagusa nyumba ya pili. Antena ya ndani imeshindwa kila mahali isipokuwa dirisha moja, na hata hapo ni usiku wa manane tu. Kutoboa ukuta wa mbele hatuwezi, kwa kuwa nyumba ni ya urithi na mamlaka ya Mji Mkongwe ina taratibu zake.

FundiWaKwahani

Ndugu yangu, ukuta wa namna hiyo hula mawimbi mengi, na unapokaa ghorofa za chini kichochoroni unachokipata ni mawimbi yaliyogonga kuta za wengine. Msitoboe chochote. Pandeni juu ya paa kwa ruhusa ya wenye nyumba, tafuteni mahali nyuma ya ukingo pasipoonekana kutoka barabarani, antena ndogo inatosha kwa kuwa mko mjini. Waya uteremsheni ndani kwa njia ya ngazi au tundu la taa lililokwishakuwepo. Nyumba moja yenye wapangaji wanne inaweza kutumia antena moja nzuri yenye busta ndogo juu na kigawanyio cha njia nne, mkachangiana gharama. Wa maghorofa ya Michenzani nao wangefanya hivyo hivyo wangepunguza msitu wa madishi ulio kwenye varanda zao.

MzeeWaNgambo

Nawasoma vijana wangu nami nafurahi, kwani haya si mageni. Televisheni ya rangi ilianza hapa Zanzibar mwaka 1973, wakati wenzetu wa Bara walisubiri mpaka mwaka 1994 ndipo wakapata vituo vyao. Mjomba wangu aliyekuwa akiishi Dar es Salaam alikuwa na mlingoti mrefu wa bomba la maji, umefungwa kwa waya pande tatu kama mlingoti wa jahazi, kusudi aitazame TVZ, televisheni ya Zanzibar ya wakati ule, kutoka ng'ambo ya bahari, kilomita 70 na kitu. Hakuwa na busta wala maandishi ya kilomita kwenye boksi. Alikuwa na urefu, na mbele yake kulikuwa na maji matupu yasiyo na mnazi wala nyumba. Nampa haki mwalimu wa Wete.

Ninaloongeza ni mwelekeo. Wakati ule kila mtoto alijua kupanda juu akageuza antena huku mwenzake akipiga kelele kutoka sebuleni. Leo naona watu wanaifunga antena ikatazama popote, kisha wanalaumu kituo.

MkaaziWaWete

Shikamoo mzee wangu, umenigusa pale pale nilipotaka kurejea, kwa kuwa katika kuelekeza ndiko nilikojifunza zaidi.

Kwanza nilitembea mtaani nikazitazama antena za wenzangu zinaelekea wapi na vijiti vyake vimelala au vimesimama. Jambo la pili hili wengi hawalijui. Kituo hurusha mawimbi yaliyolala au yaliyosimama, na antena yako lazima ifuate. Ukivisimamisha vijiti wakati mawimbi yamelala unapoteza sehemu kubwa sana, hata kama mnara unauona kwa macho. Kisha nilifungua menyu ya king'amuzi mahali pa kutafuta chaneli kwa mkono, ambapo kuna mistari miwili, mmoja wa nguvu ya mawimbi na mwengine wa ubora wake. Kosa langu kwa antena ya pili lilikuwa kuufuata mstari wa nguvu. Busta iliujaza mstari huo hadi mwisho huku wa ubora ukibaki chini, nami nikaridhika. Ufuateni ubora.

Tulikuwa watu wawili, mimi kwenye ngazi na mke wangu mbele ya televisheni akinisomea namba kwa simu. Unaigeuza antena kidogo, kama upana wa vidole viwili, unangoja sekunde tano au sita kwa sababu king'amuzi kinachelewa kuonyesha, kisha unageuza tena. Tulianza kwenye 38. Nilipoipitisha ncha ya antena kushoto ya mnazi mmoja mrefu wa jirani, ubora ulipanda hadi 71, na nilipoirudisha nyuma ya kile kichwa cha mnazi ulishuka mara moja hadi 50. Makuti mabichi yana maji, na maji hunywa mawimbi. Baada ya mvua kunyesha tofauti ile ilizidi. Hatukuukata mnazi wa watu. Tuliihamisha boriti hatua nne kuelekea kisimani.

PwaniYaMakunduchi

Mimi nipo kusini mashariki ya Unguja, mbali na mjini, na nyumba yangu iko mita 200 kutoka baharini. Nina maswali mawili. La kwanza, chumvi: antena mbili zimeoza skrubu zake ndani ya mwaka, na upepo wa kusi uliangusha moja. La pili, je, inawezekana kujitengenezea antena ili kujaribu kama mawimbi yapo kabla ya kununua? Nimeona watu wakisifu sana antena za makopo na hanga za nguo, sijui niamini lipi.

MkaaziWaWete

La pili nalijibu kwanza kwa sababu nililifanya mwenyewe, na ninalipendekeza kwa kila mtu kuwa kipimo, si kuwa antena ya kudumu. Chukua vipande viwili vya waya wa shaba wa umeme, ule mgumu wa ndani ya ukuta, kila kimoja sentimita 12 na nusu. Vipigilie kwenye kibao kikavu, vinyooke katika mstari mmoja, baina yao ukiacha nafasi ya sentimita moja. Menya ncha ya waya wa antena, shaba ya katikati uifunge kwenye kipande kimoja na wavu wa nje uufunge kwenye cha pili, visigusane. Urefu huo unalingana na kama 580 MHz, katikati ya masafa yetu. Kifunge kibao kwenye ufito mrefu wa mwanzi, kipandishe juu ya paa, ubavu wake uelekee uliko mnara, kisha utafute chaneli. Ukipata hata moja inayokatikakatika, jua kwamba antena ya vijiti vingi iliyofungwa vizuri itakutosha. Usipopata kitu hata ukiinua mita 8, usinunue antena kwa kubahatisha. Waulize majirani, na huenda kwenu dishi ndilo suluhisho.

Antena ya vijiti vingi si kitu kipya. Wajapani wawili, Uda na Yagi, waliieleza mwaka 1926. Kijiti kimoja tu ndicho kinachounganishwa na waya. Kilicho nyuma yake kinayarudisha mawimbi mbele na vilivyo mbele vinayaongoza. Kadiri vinavyozidi ndivyo antena inavyosikia vizuri upande mmoja na kuwa kiziwi pande nyengine, kwa hiyo yenye vijiti vingi sana hutaka kuelekezwa kwa uangalifu zaidi. Kwa aliye mbali kama wewe, vijiti 10 hadi 15 ni kiasi kizuri. Zaidi ya hapo upepo wa kusi utafaidika kuliko wewe.

FundiWaKwahani

Kuhusu chumvi: skrubu na vikamatio tumia vya chuma kisichoshika kutu, havizidishi gharama sana. Alumini ikikutana na chuma cha kawaida kwenye hewa ya bahari, huliwa pale vinapogusana. Paka grisi kabla ya kukaza. Konekta ifungwe tepu ya mpira inayojishika yenyewe, kuanzia chini kwenda juu, kama vigae vinavyopandana, kusudi maji yateleze. Waya kabla haujaingia ndani uache kitanzi kinachoning'inia, maji ya mvua yadondoke hapo badala ya kuufuata waya hadi nyuma ya televisheni. Boriti uivute kwa waya pande tatu na mwisho wake usiuzike kwenye mchanga mtupu.

Na nasema hili kwa uzito wote: mlingoti usiinuliwe karibu na nyaya za umeme. Pima kwanza: ukianguka upande wowote usifike kwenye nyaya hizo. Radi zikianza, chomoa waya wa antena kwenye televisheni kabla haijakaribia, usingoje ifike juu yako.

MpiraKwanza

Nawaheshimu nyote, lakini tuseme ukweli wote. Mimi nalipia kwa ajili ya mpira. Ligi za Ulaya hamtazipata kwa antena, na siku hizi mtu anaweza kutazama kwenye simu. Kwa nini niparamie paa?

MkaaziWaWete

Kaka, kama ligi za Ulaya ndizo unazozihitaji kila wiki, endelea kulipia, na mimi sitakwambia vyengine. Antena haileti kilichofungwa. Lakini piga hesabu ya simu pia: saa moja ya picha ya HD kwa intaneti huweza kula hadi GB 3, kwa hiyo mechi moja pamoja na mapumziko inakaribia GB 6. Na kifurushi, tuseme ni shilingi 20,000 kwa mwezi, mwaka unapokwisha ni 240,000. Nyumbani kwangu tulikaa tukaandika kwa wiki mbili kile kinachotazamwa hasa. Ikatoka taarifa ya habari, mawaidha, katuni za watoto, tamthilia moja na Kombe la Mapinduzi. Tulikuwa tukilipia makumi ya chaneli kwa ajili ya tano ambazo zilikuwa zikipita bure juu ya paa letu. Wapo wanaofanya njia ya kati: antena kwa kila siku, na kifurushi kwa ule mwezi wenye mashindano tu.

KondeKaskazini

Mimi sipo mbali na Konde, na nina jambo linalonistaajabisha. Wakati wa kaskazi, jioni ambazo bahari imetulia na joto ni kali, king'amuzi hunipatia chaneli za ng'ambo nisizozijua, zinakuwa safi kabisa, na asubuhi zimeondoka. Jirani yangu alinunua antena kubwa kwa ajili ya hizo.

FundiWaKwahani

Mwambie asiendelee kuzitumainia. Hewa ya joto ikilala juu ya hewa baridi na yenye unyevu iliyo karibu na maji, mawimbi hunaswa baina yake yakateleza mbali kuliko kawaida, ndiyo maana pwani yetu hupata wageni hao. Hayo ni mambo ya hali ya hewa, na hakuna antena inayoyaamrisha. Tena mara nyengine hao wageni huja katika masafa ya kituo chako na kukiharibu. Unapotafuta chaneli ufanye asubuhi au mchana, usihifadhi orodha ya usiku wa namna hiyo.

BiMtambwe

Narudi kuwapa habari. Mjukuu wangu alikipima kibao cha mwalimu juu ya ufito, zikaingia chaneli mbili zinazokatika. Tukaiteremsha antena ya zamani kutoka juu ya bati. Vijiti vyake ni vya shubiri moja na kidogo, kumbe ni ya UHF, na kilichokuwa kimekufa ni waya. Tulipoumenya ulitoa maji. Tumenunua mita 12 za waya mnene, king'amuzi kilichotumika kwa jirani aliyehamia Unguja, na skrubu nne zisizoshika kutu. Antena mpya hatukununua. Iko juu ya boriti ya mita 7, ubora unasoma 66, na ZBC inaingia bila ya kukatika tangu juzi.

Swali langu lililobaki ni moja, fundi. Ile tepu ya mpira sikuipata huku Mtambwe wala Wete. Je, mpira wa ndani wa baiskeli uliokatwa vipande vyembamba unafaa?

FundiWaKwahani

Unafaa kwa muda, Bi. Uvute kwa nguvu unapouzungusha, juu yake uzungushe tepu nyeusi ya umeme ili jua lisiupasue, na masika yakimalizika mjukuu apande akaufungue atazame kama shaba bado inang'aa. Ile tepu nitaiagiza kwa boti ya Ijumaa ikifika Wete kwa mwalimu.

MkaaziWaWete

Nitaipokea bandarini na kuileta Mtambwe mwenyewe, Bi, na nitakuja na ngazi.